Homa Iliyosubiriwa Louisville

Nina lawama na wewe. Wewe hapo, unayesoma hii ukiwa mapumziko ya kazi, kiatu kimoja umevua. Kila nikiandika kuhusu sheria unapita kama hujaona. Nikigusa mambo ya mimba unaniambia nitubu. Nikigusa ndoa ya wanawake wawili unauliza kama mama yangu anajua ninachoandika. Halafu unamalizia na ile sentensi yako: hayo ni mambo ya Wazungu, sisi tulikuja kutafuta maisha. Sawa. Leo sikupi maoni. Nakupa mtu, na ni mtu wako.

Anaitwa Karimi. Alikuja Louisville kusomea uhasibu, akamaliza, akapata kazi ya ofisini kwenye kampuni ya mizigo, akaolewa na Timothy Mwaura, shemasi katika kanisa la Wakenya. Wana binti mmoja, Kim, yule ukimwongelesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Baada ya Kim, mimba hazikukaa. Karimi aliomba, akatibiwa, akakata tamaa, akaanza tena. Hii moja ikakaa. Tumbo lilikuwa halijaonekana bado, lakini yeye alishaanza kutembea amelishika, taratibu, kama mtu anayevuka barabara na sufuria ya maziwa ya moto.

Mimba ilikuwa ndiyo inaingia mwezi wa tano. Alikuwa anapiga pasi nguo za Kim za shule, akasikia maji ya vuguvugu yanateremka miguuni. Alichomoa pasi kwanza, ndipo akamwita mume wake.

Hospitalini daktari alipitisha kile kifaa tumboni, akavuta kiti akakaa. Daktari akikaa, ujue.

"Chupa imepasuka," akasema. "Maji yote yametoka. Mtoto ni mdogo mno. Hawezi kuishi, si ndani si nje. Lakini moyo wake bado unapiga."

"Kwa hiyo mnafanya nini?" Karimi akauliza.

"Tunasubiri."

"Mnasubiri nini?"

"Moyo usimame wenyewe. Au wewe uanze kuumwa. Ukipata homa, rudi mbio. Ukiwa na homa naweza kuandika kwamba maisha yako yako hatarini, na hapo sheria ya Kentucky inaniruhusu kukusaidia."

Soma tena hapo, polepole. Dawa ipo. Mwenye kuijua yuko mbele yake, amevaa koti jeupe. Lakini sheria ya jimbo inasema mimba yenye moyo unaopiga haiguswi mpaka mama awe hatarini, na haisemi hatarini kiasi gani. Daktari akikosea kipimo ni jela na leseni kwenda. Basi daktari anasubiri, hospitali inasubiri, na mwanamke anarudishwa nyumbani kusubiri aoze ndani kidogo, ili apate ruhusa ya kutibiwa.

Timothy si mtu mbaya, msianze. Kwenye maegesho ya hospitali alilia mpaka miwani ikaingia ukungu. Halafu akafanya ambacho kila mmoja wenu angefanya: akatoa simu, akaandika kwenye grupu ya WhatsApp ya kanisa. Wapendwa, tunaomba maombi, mke wangu, mimba, moyo wa mtoto bado unapiga.

Walipofika nyumbani magari yalikuwa yamejaa mtaa mzima. Mnajijua. Nyumba yenye shida kwetu haiachwi peke yake. Wanawake walikuwa jikoni tayari, na kiongozi wao, Dorcas, ambaye kila mtu anamwita Mama Evans, alikuwa kwenye jiko na sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi.

"Mama Evans, hiyo si ya mtu aliyejifungua?" Karimi akauliza.

"Ndiyo. Nimepika kwa imani. Kaa chini."

"Daktari amesema hataishi."

"Daktari ana mashine. Sisi tuna magoti. Kaa chini, nimesema."

Mchungaji akapiga simu, Timothy akaweka spika.

"Moyo unapiga?"

"Unapiga, mchungaji."

"Basi huo ni ushuhuda! Tunaingia kwenye kufunga. Kanisa zima."

Wanawake sebuleni wakapiga vigelegele. Na kuanzia pale Karimi hakuwa mgonjwa tena. Alikuwa ushuhuda uliolala kwenye kochi. Kila aliyeingia alimwangalia tumbo kabla ya uso. Kila asubuhi Timothy alichomeka kile kidude cha kusikilizia moyo walichonunua mtandaoni, wakasikia tiki tiki tiki, akaandika kwenye grupu "bado", na amina zikamiminika kutoka Kentucky mpaka Kiambu. Karimi alisikiliza ile tiki tiki akijua ni nini, mtoto wake akizimika polepole bila maji, na watu wakishangilia. Alitaka kumwomboleza. Hakuna aliyemruhusu.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana hapa ndipo penyewe.

Mama Evans hatembei bila Panadol. Anazo kwenye mkoba, zilizotoka Nairobi, kwa sababu anasema za huku hazina nguvu. Karimi akitetemeka, Mama Evans huyo hapo na glasi ya maji. "Meza, mwanangu, ni baridi tu." Akishika kiuno, meza. Akishindwa kulala, meza, itakusaidia. Alifanya kwa upendo. Nasema tena, kwa upendo.

Alasiri moja Kim alipanda kwenye kochi akaweka shavu kwenye paji la uso la mama yake. "Mom, you're hot," akasema. Karimi akaomba kipimajoto. Mama Evans akasema, "Meza hizi kwanza, halafu tutapima." Akameza. Kipimajoto kilipopatikana chini ya makaratasi ya shule ya Kim, joto lilikuwa la kawaida.

Lakini alikuwa anajisikia vibaya, vibaya ile ya ndani kabisa. Kulikuwa na harufu. Moyo wake mwenyewe ulikuwa unakimbia akiwa amelala. Timothy akampeleka hospitali. Nesi akauliza maswali yake, vidole kwenye kompyuta.

"Umetumia dawa yoyote?"

"Hapana," Karimi akasema.

Hakudanganya. Niambie wewe, ukiulizwa hivyo, ungetaja Panadol? Kwetu Panadol si dawa. Panadol ni kama chai, iko tu ndani ya nyumba. Dawa ni ile unaandikiwa.

Nesi akapima joto. Kawaida. Daktari yuleyule akaja, akamgusa tumbo, Karimi akaruka kwa maumivu. Daktari akatoka kwenda kuongea na wanasheria wa hospitali. Alirudi uso umeanguka.

"Wanasema bado. Bila homa, bado."

"Mimi nasikia nakufa," Karimi akasema.

Daktari akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, akimwangalia Timothy, si Karimi: "Angekuwa dada yangu ningeshamweka kwenye gari kwenda Ohio. Mimi sijasema chochote."

Timothy akawasha gari kurudi nyumbani. Karimi akasema, "Umesikia."

"Nimesikia."

"Basi tuende."

"Karimi, kanisa zima limefunga. Nitawaambia nini? Na kama kuvuka jimbo na hii mimba ni kosa? Mimi bado sina uraia, unajua. Mtu akitutaja, wananirudisha, wewe na Kim mnabaki na nani?"

Kuvuka si kosa. Hakuna aliyemwambia. Kwenye grupu ile kuna matangazo ya viwanja vya Kitengela, ya mitumba, ya mazishi, lakini hakuna hata siku moja mtu aliandika sheria inasema nini kuhusu miili ya wanawake walio humo ndani.

Karimi aliingia bafuni, akafungulia maji ili wanawake wasisikie, akampigia Marion.

Marion ni mdogo wake, tumbo moja. Anaishi Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo, jimbo la New York, anafanya kazi chuoni Amherst. Alipofunga ndoa na Flavia Nsimire, Mkongo wa Bukavu anayeendesha basi la shule, alituma picha moja kwenye grupu ya familia: wawili wamesimama nje ya jengo la jiji, upepo umewavuruga nywele, wanacheka. Mwenye grupu ni Timothy. Alimtoa kabla hata picha haijafunguka kwa wote. Karimi aliona. Hakuandika neno.

Marion akapokea mlio wa kwanza. "Nani amekufa?"

"Bado," Karimi akasema.

Akamweleza yote. Sauti nyingine ikaingia, nzito, ya mtu aliyekuwa anasikiliza muda wote.

"Bon. Shemeji, ao ni wifi, mi sijue, tutaangalia kisha. Ni Flavia. Unaweza kukaa kwa gari masaa ine?"

"Naweza."

"Donc njoo Columbus. Kwa Ohio docteur hana ya kungoja. Sisi tunashuka kutoka huku, tunakutana pale pale. Hapana ogopa."

Karimi akatoka bafuni. Sebuleni walikuwa wanaimba. Timothy alikuwa anaandaa kile kidude cha kusikilizia moyo.

"Kiweke chini," akamwambia.

"Mama Kim, wapendwa wanasubiri."

"Timothy, mimi si ushuhuda. Mimi ni mke wako. Nikifa hapa kwenye hili kochi, utaandika nini huko? Bado?"

Wimbo ukakatika. Timothy akamwangalia mke wake, midomo imekauka, macho yameingia ndani, na nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu chupa ipasuke kwamba alimwona yeye. Akaenda kuchukua funguo.

Waliwaambia wanawake wanaenda kutafuta daktari wa pili, jambo ambalo lilikuwa kweli. Kim akabaki na Mama Evans. Na Mama Evans, mlangoni, akamfunga Karimi shuka kiunoni, akampa njahi kwenye bakuli la kufunika na karatasi nzima ya Panadol. "Ya njiani." Karimi akameza mbili kabla gari halijatoka mtaani, maana maumivu yalikuwa yanamkata.

Timothy aliendesha kama mtu wa mtihani. Mwendo uleule ulioandikwa kwenye kibao, taa za kuashiria hata barabara ikiwa tupu. Aliogopa polisi. Alikuwa anajitahidi asivunje sheria hata moja, na mke wake pembeni anauma shuka.

"Ongeza mwendo," Karimi akasema.

"Tukisimamishwa je?"

"Timothy. Ongeza."

Walivuka mto wa Ohio pale Cincinnati. Hapo tayari walikuwa Ohio. Mwanamke ni yuleyule, tumbo ni lilelile, lakini upande huu watu walipiga kura, wakaandika kwenye katiba yao kwamba uamuzi wa mimba ni wa mwenyewe. Daraja lina upana gani? Sekunde chache. Upande wa kusini unasubiri homa, upande wa kaskazini unatibiwa. Wangeweza kusimama hospitali ya kwanza waliyoiona. Hawakujua. Walikuwa wamesikia Columbus, wakaenda Columbus.

Matengenezo ya barabara yaliwakwamisha karibu saa mbili, hivyo Marion na Flavia walishafika. Walikuwa wamesimama kwenye maegesho ya hospitali ya Columbus, mtaa wa Clintonville, Marion na jaketi la mke wake, Flavia na funguo mkononi. Timothy akashuka, akasimama mbele ya shemeji yake aliyemfuta, asijue mikono aiweke wapi.

"Marion. Habari ya siku nyingi."

"Uliza grupu," Marion akasema. Akampita, akafungua mlango wa Karimi. "Sis. Nipe mkono. Mungu wangu, unachoma!"

Flavia akamwinua kama mtoto wa shule aliyelala kwenye basi. "Bwana diacre," akamwambia shemasi Timothy akiwa anatembea, "ulitutoa kwa grupu, leo uko kwetu kwa parking. Sasa kimbia, shika ile mlango."

Ndani, mtu wa mapokezi akauliza nani ni nani. Dada. Mume. Na huyu? "Mke wangu," Marion akasema, na nilivyoambiwa, mkono wake uligusa mkoba alikoweka nakala ya cheti cha ndoa. Huwa wanabeba kila wakivuka mpaka wa jimbo. Kwao New York ndoa yao ina sheria ya jimbo, na juzi hapa walipiga kura wakaongeza ulinzi kwenye katiba, wa uamuzi wa mimba na wa watu kama wao. Ohio imelinda uamuzi wa mimba, lakini maneno ya zamani ya kukataa ndoa kama yao bado yamo katika katiba yake, yamelala tu kwa sababu ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani iliyoruhusu ndoa hizo. Kentucky, hayo maneno ya kukataa ndoa yamo, na uamuzi wa mimba hauna ulinzi wowote. Siku hukumu ikigeuzwa, maneno yanaamka. Marion anaweza kuwa mke asubuhi, akavuka jimbo akawa rafiki tu. Mtu wa mapokezi hakujali, akaandika tu. Lakini wewe fikiria kuishi na mkono kwenye mkoba.

Daktari wa Columbus alikuwa kijana, ana haraka. Akauliza, "Umetumia dawa yoyote?"

"Hapana," Karimi akasema.

Flavia akageuka. "Hata Panadol?"

Karimi akamwangalia. "Panadol, ndiyo. Hiyo tu."

"Ngapi? Tangu lini?"

Timothy akatoa ile karatasi mfukoni. Ilikuwa karibu tupu. Daktari akaichukua, akaisoma, akaiweka chini polepole, akaanza kuita watu.

Homa ilikuwepo. Ilikuwepo muda wote. Kila ilipopanda kwenda kumwombea Karimi ruhusa kwa wanasheria, watu wanaompenda waliishusha kwa glasi ya maji.

Timothy akaiokota ile karatasi ya Panadol. "Tulikuwa tunaificha," akasema. "Tulikuwa tunaificha sisi."

Kabla ya kumwingiza ndani, daktari aliinama karibu na uso wa Karimi. "Maambukizi yameingia kwenye damu. Nataka kukutoa mimba sasa hivi. Kizazi sijui kama nitakiokoa. Wewe unataka nini?"

Karimi akaanza kulia. Marion akadhani ni maumivu. Baadaye Karimi alimwambia hapana. Ni kwamba toka chupa ipasuke, hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza.

"Nataka kubaki na Kim," akasema. "Fanya."

Moyo mdogo ulishasimama wakati huo, njiani, hakuna aliyejua wapi. Mtoto alikuwa wa kiume. Kizazi hakikuokoka. Daktari alitoka akawaambia, akaongeza kitu ambacho labda hakupaswa kusema, lakini alikuwa amechoka: angefika siku ile chupa ilipopasuka, angekuwa nyumbani kesho yake, na mwakani angejaribu tena.

Sasa hakuna mwakani.

Kwenye korido simu ya Timothy ilikuwa inatetemeka bila kupumzika. Mchungaji. Grupu. Moyo unapiga? Shemasi, tupe neno.

"Niwaambie nini?" akauliza.

"Bon, mtoto amekufa," Flavia akasema. "Hiyo iko na namna ngapi za kusema?"

Timothy akaandika: Mungu amemchukua malaika wetu. Akaenda kumwonyesha Karimi, ambaye alikuwa ameamka, mrija mkononi, uso kama karatasi. Karimi akasoma. Akatikisa kichwa.

"Mungu hakuwepo kwenye ule mkutano wa wanasheria," akasema. "Andika kilichotokea. Andika yote. Taja Panadol. Taja sheria. Taja nani alishuka kutoka Buffalo kunichukua, na umtaje Flavia kama mke wa dada yangu."

"Watanitoa ushemasi."

"Andika."

Alichukua muda, lakini aliandika. Akatuma. Watu wakaanza kutoka kwenye grupu, mmoja mmoja, wengine bila pole. Mchungaji akaandika kwamba mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Halafu ikaingia sauti ya Mama Evans, amejirekodi, na nyuma yake Kim anasikika akiuliza mama anarudi lini. "Timothy," anasema, "nisaidie kuelewa. Ni mimi?" Anauliza tena. "Ni mimi?"

Si wewe, Mama Evans. Wewe ulimpa Panadol mtu mwenye homa, kama mama yeyote. Sheria ndiyo iliyogeuza homa kuwa kibali. Lakini Karimi hajapata nguvu ya kukujibu, na sijui kama atapata. Yuko Cheektowaga sasa, chumba cha juu kwa Marion. Hataki kurudi kwenye lile kochi. Timothy anaendesha gari kwenda na kurudi na Kim kila akipata likizo. Mchana Karimi anakaa dirishani, mkono bado unalishika tumbo, na akigundua anautoa.

Ndiyo huyo mtu. Sasa ombi langu, na sitaki emoji za kulia.

Kama una uraia na unaishi Kentucky, kesho asubuhi piga simu Frankfort, kwenye bunge la jimbo, omba ofisi ya mbunge wako. Miswada ya kumruhusu daktari kutibu kabla mama hajaoza hupelekwa pale, ikafia kwenye kamati bila kusomwa. Sema jina lako lote, liwe refu, wahangaike kuliandika. Sema unataka isomwe. Kama una uraia na uko Ohio, mtu akikusimamisha na karatasi ya kuondoa yale maneno ya ndoa kwenye katiba, usimpite: soma, tia sahihi. Kama una uraia na uko Buffalo, ulinzi umeshaupata, basi jiandikishe kupiga kura usiupoteze. Na kama huna uraia kama Timothy, una gari. Siku ya kura mpitie mwenye uraia asiye na usafiri, mpeleke, umsubiri nje mpaka amalize. Tafadhali. Mpigie leo umuulize utampitia saa ngapi.